Kungoja Vipele

Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, Nekoye alichukua koroboi akamwangalia mwanawe nyuma ya masikio. Jumanne hiyo ilikuwa siku ya nne. Alimlaza ubavu, akalikunja sikio la kulia kwa kidole, akasogeza mwanga karibu mpaka moshi ukamwingia mwenyewe machoni. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa ngozi tu, kavu, imejikunja kama ya mzee. Akamgeuza upande wa pili, akaangalia tena. Hapo pia hapakuwa na kitu. Mtoto hakulia. Alikohoa mara mbili, akafungua macho mekundu yaliyojaa tongotongo, akayafumba.

Mtoto aliitwa Wasike. Alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na mwezi uliopita mizani ya kliniki ilisema kilo sita na nusu. Mtoto wa jirani mwenye miezi minane alikuwa mzito kumshinda. Alikuwa ameanza kutembea, kisha akaacha, na sasa hata kukaa alikaa kwa kuegemezwa.

"Bado?" Awuor aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, mama."

Awuor alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta hapo Obunga, mtaa wa Kisumu, mama mtu mzima aliyelea watoto watano na kuzika wawili. Neno lake juu ya ugonjwa lilikuwa sheria katika ploti ile ya vyumba vya kupanga. Laban, mume wa Nekoye, aliyekuwa turniboi, msaidizi wa dereva kwenye lori la samaki, alipofariki mwaka wa tisini na tatu, daktari alisema ni nimonia na ndugu zake wakasema amerogwa. Nekoye alibaki na mtoto mgongoni na sufuria mbili. Awuor ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwenye geti la kiwanda cha samaki na kumfundisha biashara ya mgongo wazi. Kwa hiyo Awuor akisema, Nekoye alisikia.

Na Awuor alikuwa amesema. Joto lilipompanda Wasike siku ya Jumamosi, macho yakawa mekundu na kikohozi kikaanza, mama yule alimtazama mara moja tu. Hiyo ni surua, alisema, mwezi huu imeingia nyumba nusu ya Obunga. Na surua haitaki sindano. Ikichomwa kabla haijatoka inashtuka, inarudi ndani, inakaa kwenye mapafu, na hapo mtoto umemuua kwa mkono wako. Unamweka gizani, unamfunika, unangoja vipele vitoke. Vinaanza nyuma ya masikio, vinashuka usoni, kifuani, mpaka miguuni. Vikifika miguuni, surua imekwisha nguvu, sasa mpeleke kwa daktari ukitaka.

Usimcheke Awuor. Kila mama pale alijua hivyo, wa kijijini Pap Onditi alijua hivyo, na hata huko Bungoma alikozaliwa Nekoye bibi yake alisema maneno hayo hayo kwa lugha nyingine. Awuor hakukaa bure pia. Jumapili alileta chang'aa kwenye kikombe, akampaka mtoto mwili mzima ili vipele vivutwe nje. Nyumba ikanuka ulevi siku mbili, na vipele havikutoka.

Asubuhi ile Nekoye alimwachia Awuor mtoto akaenda getini, kwa sababu jiko la biashara lisipowashwa siku ya nne, hakuna kula. Wanawake walikuwa wameshapanga mabeseni kando ya ukuta. Ndani ya kiwanda samaki aina ya mbuta walikuwa wakichunwa minofu, minofu inawekwa kwenye barafu, barafu inapanda ndege, ndege inakwenda Ulaya. Kinachobaki ni kichwa, mkia na mfupa wa katikati ulio na nyama kidogo kati ya miiba. Huo ndio mgongo wazi. Unakaangwa mpaka mfupa wenyewe unalika, na watu wa Kisumu, watu wa ziwa, wanaununua na kusema wamekula samaki. Mara tatu kliniki ilimwambia Nekoye ampe mtoto samaki, tena samaki mwenye nyama. Alikubali kwa kichwa mara zote tatu. Ungemwambia nini mtu aliyevaa saa nzuri namna ile?

Aliporudi na beseni kichwani, alimkuta Awuor amesimama nje, mikono kiunoni, na hilo peke yake lilimtosha. Ndani, Wasike alikuwa akivuta pumzi haraka haraka. Mianya ya pua ilikuwa ikifunguka kila pumzi, na chini ya mbavu ngozi ilikuwa ikizama na kutoka, ikizama na kutoka.

Nekoye alitua beseni, akachukua leso.

"Mama Wasike, haijatoka," Awuor alisema. "Watamchoma."

"Wacha wamchome."

"Nyathina, mwanangu, utakuja kuniambia nini jioni?"

Nekoye alimfunga mtoto mgongoni kwa leso. Hakuwa amewahi kumwacha Awuor bila jibu. Alichukua kadi ya kliniki chini ya godoro akatoka. Samaki aliwaacha kwenye beseni, na nzi wakawajia hapo hapo.

Alikwenda kwa miguu, nusu akikimbia, nusu akisimama kusikiliza pumzi mgongoni. Hospitali ya serikali ilikuwa imefungua saa mbili, yeye akafika saa mbili na nusu. Mlangoni alikaa karani Nicodemus na daftari lake kubwa. Kwa kila mama alitoa namba iliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, na jioni namba zote zilirudishwa ili zitumike kesho. Vipande vile vilikuwa vimeshikwa na mikono mingi hadi vikawa laini kama kitambaa. Nekoye alipewa kumi na nne. Wasike akakohoa, kikohozi kirefu kilichomkunja mwili wote, na Nicodemus akarudisha kiti chake nyuma.

"Mfunike mdomo huyo," alisema. "Tunapumua hapa."

Wodi ya lishe, alikopelekwa zamu yake ilipofika, walimjua. Tangu Januari Nekoye alikuwa akija huko kila mwezi. Walimfunga mtoto utepe wa rangi wa kupima unene wa mkono, utepe ukasoma nyekundu, wakampa mama unga wa uji. Januari hiyo hiyo walimtoa mtoto damu, wakaandika herufi tatu kwenye kona ya kadi, na hakuna aliyemwambia herufi zile ni za nini. Aliuliza mara moja. Aliambiwa ni mambo ya ofisi.

Mkuu wa wodi alikuwa Sista Benta, mwanamke mfupi, mkali wa macho, asiyependa maneno mengi. Alimpokea Wasike mikononi na uso wake ukabadilika kabla hata hajafika mezani. Alichukua tochi, akamfungua kinywa. Ulimi ulikuwa na utando mweupe, huo Nekoye aliujua. Lakini Sista aliinama zaidi, akamulika ndani ya shavu, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akamwita Nekoye aone. Ndani ya shavu, kwenye wekundu, kulikuwa na chembe nyeupe ndogo ndogo, mfano wa chumvi iliyomwagika.

"Ni surua," Sista alisema. "Imeanza siku ngapi?"

"Nne. Lakini haijatoka, Sista. Nimekuwa nikingoja itoke."

Sista Benta alizima tochi. Alimweleza pole pole, na hayo ndiyo maneno ambayo Nekoye alikuja kuyarudia mpaka akayakariri. "Vipele si ugonjwa, mama. Vipele ni mwili unapigana. Mwili wa huyu hauna cha kupigana nacho. Kwake havitatoka."

Siku nne za koroboi, siku nne za kukunja sikio, Nekoye alikuwa akingoja kitu kisichokuja. Aliuliza kama basi atalazwa sasa.

Hapo Sista akamrudishia mtoto. Alikuwa na watoto ishirini na wawili mle ndani, alisema, wote mifupa kama huyu. Mwezi wa pili aliingia mmoja mwenye surua bila kujulikana, na kabla ya wiki mbili alikuwa amezika tisa. Tisa, alirudia. Amri sasa ni kwamba mwenye surua haingii lishe, hata akiwa anakufa. Aende wodi ya kutengwa. Alimwandikia barua, akamwonyesha njia, akafunga mlango wake. Kando ya mlango palikuwa na ubao mweusi: waliolazwa, waliopona, waliofariki. Mwezi huo sehemu ya waliofariki ilikuwa na sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa imeandikwa kwa chaki ya kukolea.

Wodi ya kutengwa ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Bwana Obiero, afisa wa kliniki aliyeitwa daktari na kila mtu, alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kusimama. Watoto walilala watatu watatu kitandani, na wengine chini, nyuso zimejaa vipele, macho yamevimba. Obiero alisoma barua. Akamvua Wasike shati. Akatazama tumbo, mgongo, mapaja. Akakunja sikio la kulia kwa kidole, kisha la kushoto, vile vile kabisa Nekoye alivyofanya alfajiri.

"Hana vipele," alisema.

Nekoye alimweleza alivyoelezwa, kwamba vipele ni mwili unapigana. Obiero aliguna. Alikuwa amechoka, kola yake ilikuwa nyeusi, na pengine hakuwa amelala tangu Jumapili. Alisema yeye ana amri kutoka juu, bila vipele haandiki. Akimwingiza asiye na surua humu, ataipata kabla ya jioni, na nani atajibu? Huyu ni mtoto wa lishe, kila mwenye macho anaona. Arudi lishe. Na hata akimchukua, humu hamna maziwa. Maziwa ya mradi wa wafadhili ni ya lishe peke yake. Au angoje daktari wa watoto, anakuja Alhamisi.

"Leo ni Jumanne, daktari."

"Najua siku."

Basi akarudi lishe. Lishe wakamrudisha kutengwa. Mara ya tatu Sista Benta alivua aproni akatoka naye mwenyewe, na Nekoye akafuata nyuma akiwa na tumaini, maana hakuwa amewahi kumwona Sista akimsindikiza mtu. Walimkuta Obiero kwenye korido. Sista alimwambia amulike ndani ya mashavu. Obiero akasema tochi yake haina betri tangu Februari. Sista akampa yake. Hakuipokea. Maneno yakapanda, wakasahau kwamba mwenye mtoto amesimama hapo hapo.

"Obiero, huyu hatoi vipele kwa sababu ana ukimwi," Sista alisema. "Umesoma kadi? Kona ya juu, hapo. Ni ya tangu Januari."

Mama mmoja aliyekuwa akipita na kopo la uji akasogea ukutani.

Hivyo ndivyo Nekoye alivyojua. Karani aliyeikagua kadi mlangoni alijua, mpima uzito alijua, mfagiaji labda alijua. Aliyembeba mtoto mgongoni miezi mitatu, kwenda na kurudi, ndiye peke yake aliyekuwa hajui. Na akijua la mtoto, alijua la Laban, na nimonia yake, na akajua la kwake mwenyewe, kwa sababu hakuwa mjinga.

"Sista," alisema taratibu, "hiyo mngeniambia lini?"

Sista Benta alirudisha tochi yake mfukoni. Obiero alitazama viatu vyake. Halafu alisema, kwa sauti ya chini sasa, kwamba mama akae kwenye benchi, vipele vikitokeza hata kimoja kabla ya jioni amwite, atamlaza hapo hapo bila maneno.

Benchi hilo lilikuwa katikati ya wodi mbili, ukutani mwa korido. Nekoye alikaa. Alikuwa na uchungu na hasira, lakini hasira ilikuwa haina mahali pa kushika. Kila mmoja alikuwa amempa sababu, na sababu zote zilikuwa nzuri. Sista alikuwa akilinda wake ishirini na wawili. Obiero alikuwa akilinda asiingize mzima kwenye ugonjwa. Awuor alikuwa akimlinda Wasike na sindano. Mtoto mmoja, walinzi wengi namna hiyo.

Saa sita Sista Benta alikuja akiangalia huku na huku kama mwizi, akamletea kikombe cha maziwa ya mradi na kijiko, akakiweka kwenye benchi, akaondoka. Wasike alimeza vijiko vitatu. Cha nne kilimtoka pembeni mwa mdomo. Nekoye alimfuta kwa leso, akamwimbia kidogo kwa Kibukusu, sauti ya chini, wimbo ule wa kumwambia mtoto baba yuko njiani analeta nyama. Kisha akaona aibu kwa maneno ya wimbo, akanyamaza.

Aliendelea kuangalia nyuma ya masikio. Alijua havitatoka, alishaambiwa na akaelewa, lakini kidole kilikwenda chenyewe. Safari moja aliona kidoa, akasimama kumwita Obiero. Alipokifuta kwa ukucha kilitoka. Yalikuwa masizi ya koroboi.

Mara ya mwisho alipokunja sikio lilikuwa limepoa. Kikombe kilikuwa bado na nusu. Wasike alikuwa ameacha kuvuta pumzi, na Nekoye, aliyekuwa akiisikiliza pumzi hiyo tangu asubuhi, hakuweza kusema ni saa ngapi iliacha.

Hakupiga kelele. Aliita "Sista" mara moja tu, na wakaja wote wawili, kila mmoja kutoka mlango wake.

Sasa sikiliza. Mtoto yule ambaye tangu saa mbili na nusu hakuwa na wodi, alipokufa akawa hana wodi pia. Nicodemus alikuja na daftari lake akauliza amwandike wapi. Lishe? Sista Benta alitazama ubao wenye sifuri, akasema kwa shida kwamba hakulazwa kwake. Kutengwa? Obiero akasema hakumwandika. Nicodemus akakuna kidevu kwa kalamu, kisha akapata njia, mtu mzoefu. Aliandika, akasoma kwa sauti yale aliyokuwa akiyaandika: aliletwa akiwa amefariki. Ni rahisi kwa mama pia, alieleza, hakuna maswali, chifu atampa kibali cha kuzika. Akasukuma daftari na kidau cha wino. Atie kidole hapo.

Nekoye alikuwa akimfunga Wasike kwenye leso, mikono ndani, kichwa ndani. Alimaliza fundo kwanza.

"Aliingia hapa akikohoa," alisema. "Wewe Nicodemus uliniambia nimfunike mdomo, kwamba mnapumua."

Nicodemus alisema hayo hayabadilishi kitu, mama, pole, Mungu amempenda. Weka kidole.

"Sitii. Andika saa mbili na nusu."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo."

"Basi andika mwenyewe, na kidole utie chako."

Aliwatazama mmoja mmoja. Obiero ndiye aliyechukua kalamu mwishowe akatia sahihi mahali pa mama, haraka, bila kusoma. Sista Benta alikuwa analia, kwa kweli alikuwa analia, lakini hakumwambia Obiero asitie. Huruma yake ilifika kwenye maziwa na hapo ikaisha.

Nekoye alimbeba mwanawe mgongoni vile vile alivyomleta, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumbeba. Alipofika mlangoni Nicodemus alimkumbuka.

"Mama, rudisha namba."

Kile kipande cha boksi kilikuwa ngumini mwake tangu asubuhi, kimelowa jasho. Hakugeuka. Alikifunga zaidi mkononi akashuka ngazi, na Nicodemus akaita mara ya pili, kisha akaacha, maana foleni ilikuwa bado ndefu.

Obunga, Awuor alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa amekaanga samaki wote wa Nekoye wasiharibike, amewafunika kwa gazeti. Aliona jinsi leso ilivyofungwa akajua, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yawa," alisema. "Walimchoma sindano?"

Nekoye alimtazama. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Awuor angepata wa kulaumu, ploti nzima ingepata, na usingizi ungekuja.

"Hawakumchoma, mama. Hakuna aliyemgusa. Walikuwa wanangoja vitoke, kama sisi."

Awuor alishusha mikono. Kisha akasimama akaenda kumsaidia kufungua fundo.

Asubuhi ya Jumatano hospitali ilifungua saa mbili. Nicodemus alitandika daftari, akatoa namba zake kwenye sanduku, akaanza kugawa kwa akina mama waliojipanga na watoto migongoni. Alifika kumi na tatu, akampa aliyefuata kumi na tano. Mama huyo, mtoto wake akikohoa, alikitazama kipande, akauliza kumi na nne iko wapi.

Nicodemus alimwambia asonge mbele, hiyo haijarudi.